Kusoma sura ya haki kabla ya kura: mwongozo kwa vikundi vya mwaloni, wanakoegesha mitumbwi wavuvi

Kura ya maoni ya katiba mpya Tanzania ina majibu mawili tu, Ndiyo au Hapana, na jibu ni la kitabu kizima. Huwezi kuikubali ibara ya mali ukaikataa ya dhamana. Ubishi wote wa haki za mtu mmoja mmoja lazima umalizike kabla ya siku ya kura, na mwongozo huu ni wa kuumaliza vizuri katika kikundi cha watu 15 hadi 20: BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni), kikoba, kijiwe cha bodaboda, jumuiya ya waumini, iwe Kirumba, Igombe, Kayenze au Nansio, huku Ziwa Victoria. Mkizidi 20 gawaneni, la sivyo watasema watano tu na wengine watapiga miayo.

Tengeni vikao vitatu vya saa mbili. Kama mna wavuvi wa dagaa, pangeni siku za mbalamwezi. Siku za giza la mwezi taa zinakwenda ziwani, na kikao cha asubuhi kitakuwa cha watu wanaosinzia. Wachakataji na wauza samaki wanapatikana mchana, soko likishapoa.

Vifaa: nakala tano za rasimu, nakala moja ya Katiba ya 1977 ya kulinganishia, kalamu nyekundu na ya bluu kwa kila nakala, karatasi kubwa za ukutani, na mtu wa kushika saa asiyeogopa kumkatiza mwenyekiti. Kwa wazee wanaosikia Kisukuma au Kikerewe vizuri zaidi, mfasiri afasiri sentensi nzima. Akifasiri neno "haki" peke yake, kila mtu ataondoka na haki yake kichwani.

Bandikeni ukutani karatasi yenye kichwa "Si leo". Mtu akianza habari ya serikali mbili au tatu, iandikeni hapo na mwendelee. Hili si dharau kwa Muungano. Mwaka 2014 muundo wa Muungano ulitawala mjadala wa Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje mwezi Aprili, na sura ya haki haikupata nusu ya jasho hilo.

Kikao cha kwanza: anzeni nyuma

Kosa la kawaida ni kuanza na ibara tamu. "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa" hakuna atakayeipinga, na dakika 40 zitaisha kwa makofi. Anzeni na ibara ya mipaka. Katika Katiba ya 1977 haki na wajibu zinakaa ibara ya 12 hadi 29, na mipaka yake ni 30 hadi 32. Someni 30 kwa sauti mara mbili. Kisha rudini kwenye kila haki, na kwa kalamu nyekundu pigeni mstari chini ya maneno haya popote yalipo: "kwa mujibu wa sheria", "bila ya kuathiri", "maslahi ya umma", "isipokuwa".

Kila mstari mwekundu ujibiwe kwa maswali matatu. Sheria hiyo ya kubana haki ina masharti yoyote, au Bunge linaweza kuandika lolote? Inabana kwa kiasi kinachohitajika tu? Kuna haki ambazo haziguswi hata wakati wa hatari? Maswali mawili ya kwanza ndiyo Mahakama ya Rufani yenyewe hutumia kupima sheria inayominya haki: isiwe ya kionevu, na isivuke kinachohitajika. Kwa kulinganisha, Katiba ya Kenya ya 2010 iliyaandika masharti ya kubana haki ndani ya ibara ya 24, na ibara ya 25 inataja zisizobanwa kabisa, mateso na utumwa vikiwemo. Rasimu yenu ikinyamaza juu ya jambo hilo, andikeni kwa bluu pembeni: "hakuna".

Msidhani maneno haya ni mapambo. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977, ya uhuru wa maoni, ilikuwa inaanza na "Bila ya kuathiri sheria za nchi" mpaka marekebisho ya 2005 yalipoyaondoa. Kwa miaka yote hiyo sheria ya kawaida ilikuwa na mlango wa kuingilia.

Kikao cha pili: kesi mezani

Hapa ndipo pa kukaa sana. Chukueni kesi tatu, dakika 35 kila moja. Watu wanne wamtetee mwenye haki, wanne waitetee serikali au ukoo, waliobaki waamue kwa kutaja ibara. Asiyetaja ibara hana kura.

Ya kwanza ni ardhi ya ukoo, na ni ya kwetu kabisa. Holaria Pastory wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Bernardo Ephrahim, wa ukoo huohuo, akafungua kesi, kwa kuwa tamko la sheria za mila la 1963 lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilisema ubaguzi huo unagongana na haki ya usawa, na mauzo yakatambuliwa kuwa halali. Ugumu utakaojitokeza mezani: wazee watasema ukoo nao una haki. Msiwazime. Waulizeni rasimu inasemaje mila ikigongana na usawa, ipi inashinda, na imeandikwa wapi. Kama jibu halimo kwenye maandishi, mmeliachia jaji, na si kila jaji ataamua kama Mwalusanya.

Ya pili, dhamana. Kesi ya Daudi Pete ilianzia Musoma, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikabatilisha kipande cha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichokataza dhamana. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilikikuta kifungu cha 148(5) hakivunji Katiba. Ibara ya 15, ya uhuru wa mtu binafsi, ipo palepale. Waambieni washiriki watafute nafasi iliyowezesha majibu yote mawili; wakishaiona, kikao cha kwanza kimeingia.

Ya tatu tungeni wenyewe: nyavu zimekamatwa mwaloni kwa madai kuwa ni timba, yaani nyavu haramu, mwenyewe anabisha, na jioni hiyohiyo zimechomwa. Karibu kila mtu atakimbilia ibara inayotaja wavuvi. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliwataja, pamoja na wakulima na wafugaji, na watu waliipenda kwa hilo. Lakini nyavu zikishakuwa majivu, hoja yenye nguvu iko kwingine: ibara ya 13(6) ya Katiba ya 1977, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya 24, inayokataza kunyang'anywa mali bila sheria yenye masharti ya fidia. Kutajwa jina si kinga. Tafuteni kitenzi: nani analazimika kufanya nini, na asipofanya?

Kikao cha tatu: mlango wa mahakama, na hoja ya "ipite kwanza"

Nani anaruhusiwa kushtaki, kwa gharama gani, na jaji anaweza kuamuru nini? Leo ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Hata hivyo marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aonyeshe alivyoathirika yeye mwenyewe. Kenya, ibara ya 22, inaruhusu kumshtakia mwenzako au kundi, bila ada ya kufungua shauri. Angalieni pia kitu kama 30(5) yetu: mahakama, badala ya kufuta sheria mbovu, inaweza kuipa serikali muda wa kuirekebisha.

Halafu mtu atasema: ipite, kasoro tutarekebisha. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1788 jimbo la Massachusetts liliidhinisha katiba ya Marekani huku likiambatanisha orodha ya marekebisho, majimbo mengine yakafuata njia hiyo, na marekebisho 10 ya haki yakaanza kazi 15 Desemba 1791. Miaka mitatu na kitu. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila orodha ya haki. Iliingia kwenye Katiba 1984, na mahakama ikaruhusiwa kuitekeleza kuanzia Machi 1988. Miaka 26 na kitu. Kwa hiyo aulizwe: nani kaahidi, kaandika wapi, na theluthi mbili ya wabunge inayotakiwa na ibara ya 98 itatoka wapi?

Mwisho wa kikao, ukurasa mmoja: ibara, tatizo, maneno mbadala mnayotaka yawekwe. Mistari isizidi saba. "Haki iboreshwe" haifai. "Futa maneno 'kwa mujibu wa sheria' ibara fulani" inafaa. Ukusanyaji wa maoni ukiwa bado wazi, pelekeni nakala mbili na moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Ukiwa umefungwa, kila mtu abaki na ukurasa wake apigie hesabu ya Ndiyo au Hapana, na ile nakala yenye wino mwekundu ifungwe kwenye nailoni ofisini kwa BMU, mbali na dirisha la upande wa ziwa.