Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzungumza kama mpambe wa bwana harusi

Andika maneno yako wiki moja kabla, yasizidi dakika tano, na yawe kwenye karatasi, kwa sababu simu huishiwa chaji. Muulize mshereheshaji utazungumza baada ya nani. Usiguse kilevi mpaka umalize. Utani wa makabila hupendwa sana huku kwetu kusini mwa Tanzania, lakini hakikisha kwanza kwamba wakwe ni watani wenu kweli.

Kisha ulizia mjomba wa bwana harusi ni nani na amekaa wapi. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo ndoa ya kijana ina mkono wa mjomba tangu posa. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini siku nilipomsimamia rafiki yangu Masasi nilitegemea kichwa, nikawashukuru wazazi, kamati, wapishi, hata dereva, nikakaa chini bila kumtaja mzee ambaye fedha zake za korosho za msimu ule ndizo zilizotoa mahari. Alikuwa meza ya pili, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana kifuani. Aliisogeza pembeni soda ambayo hakuwa ameifungua, akachukua bakora yake, akatoka. Chakula kilisimama karibu saa nzima, wazee wakimbembeleza chini ya mwembe, na bibi harusi amebaki peke yake meza kuu akitazama mlangoni.

Kesho yake nilikwenda kwake na wazee wawili kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akasema, "Mwanangu, sikutaka kusifiwa. Nilitaka wakwe wajue kijana ana wenyewe."

Kwa hiyo nenda nyumbani kwao mapema, uliza majina kwa mpangilio wa heshima, yaandike, halafu umsomee shangazi au bibi mmoja akusahihishe, maana wao hujua nani alifariki na nani amenuniana na nani. Usitaje wachumba wa zamani. Usiahidi zawadi ambayo hujaileta. Jaribu kipaza sauti kabla wageni hawajaingia, ujue jenereta iko wapi, jifunze kutamka jina la baba mkwe, na ukishakaa usikiombe tena kipaza sauti hata ukikumbuka jambo zuri kiasi gani. Kamwambie mhusika mwenyewe pembeni.