Kutakasa mikono wodini: kosa huwa kwenye wakati, si kwenye sabuni

Muuguzi anatakasa mikono mlangoni, anavuta pazia, anainua kitanda, anachomoa kalamu mfukoni, kisha anavaa glavu na kuchoma kanula, yaani mrija mdogo wa kuingia mshipani. Mikono ameitakasa kweli, lakini mapema mno: pazia, kitanda na kalamu vimeshairudishia vijidudu, na kwa mikono hiyo hiyo ndiyo ameshika glavu.

Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kuchoma kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu, mkojo au majimaji mengine ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, hata kama yeye mwenyewe hukumgusa. Huo wa mwisho ni rahisi kuusahau, maana kuzima mashine ya dripu inayolia hakuonekani kama "kumhudumia mgonjwa".

Wakati wa pili ndio wenye mtego. Dawa yake ni mpangilio: vuta pazia, rekebisha kitanda, weka vifaa vyote kwenye trei, ndipo utakase mikono. Ukiitakasa usiguse kingine ila glavu na kazi yenyewe. Umesahau plasta? Ukiifuata kwenye toroli, anza upya.

Kwa kazi nyingi kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 80 kinatosha, na ni cha haraka kuliko sinki. Mimina ya kujaza kiganja. Tone moja hukauka kabla halijafika kwenye vidole. Sugua viganja, kisha kiganja juu ya mgongo wa mkono mwingine huku vidole vikipishana, halafu kiganja kwa kiganja vidole vikipishana tena. Kunja vidole usugue migongo yake kwenye kiganja cha pili. Sasa sehemu mbili zinazorukwa na wengi: shika kidole gumba kwa mkono mwingine ukizungushe, kisha kusanya ncha za vidole uzizungushe kwenye kiganja. Ncha hizo ndizo zinazopapasa mshipa, kwa hiyo usizipitie juu juu. Yote yachukue sekunde 20 hadi 30, na mikono ikauke yenyewe. Kuifuta au kuipepea ili kuwahi ni kuiondoa alkoholi kabla haijamaliza kazi.

Maji na sabuni yana nafasi yake: mikono inapoonekana michafu, baada ya kutoka chooni, na unapomhudumia mgonjwa anayeharisha kwa Clostridioides difficile. Bakteria huyo hutengeneza spora zenye ganda gumu ambazo alkoholi haiziui, hivyo hutolewa kwa kusuguliwa na kusukumwa na maji tiririka. Hapa hesabu sekunde 40 hadi 60 kuanzia kulowesha hadi kukausha, na funga koki kwa karatasi uliyojikaushia, si kwa vidole vilivyotoka kunawa.

Glavu hazichukui nafasi ya haya yote. Huwa na vitobo visivyoonekana, na wakati wa kuzivua uchafu wa nje hurukia mkono. Takasa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua, na usizipake kitakasa ili uhamie nazo kitanda cha pili.

Kucha ziwe chini ya nusu sentimita, zisiwe za bandia. Pete ivuliwe, kwani chini yake alkoholi haifiki vizuri.

Ngozi ikianza kupasuka, chunguza mazoea kabla ya kulaumu kitakasa. Kunawa kwa sabuni kisha kupaka alkoholi papo hapo huichubua ngozi bila faida, na maji ya moto huongeza ukavu. Paka losheni mwisho wa zamu. Chupa ya sabuni ikiisha, ioshwe na kukaushwa kwanza. Kuongezea juu ya masalia ni kuwafugia bakteria humo.