Huna pasipoti na unataka kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya?

Ukiitwa harusini au msibani Mombasa na huna pasipoti, usiondoke Tanga na kitambulisho cha NIDA peke yake. Pitia kwanza Uhamiaji mkoani uombe hati ya dharura ya safari, ukiwa na hiyo NIDA, cheti cha kuzaliwa na picha. Inakubalika kwa sababu ni hati ya kusafiria, inagongwa mhuri mpakani. Wengi wanaponzwa na habari za kuvuka kwa kitambulisho: utaratibu ule wa 2014 ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Mtoto naye, hata wa mgongoni, anahitaji hati yake. Kwa Dubai au Umra, hapo ni pasipoti tu.