Kujifunza Mafundisho ya Buddha na Taamuli Pamoja na Wenzako

Katika mafundisho ya Buddha yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, mna kisa kifupi ambacho kila anayetaka kujiunga na kikundi angefaa kuanza nacho. Ananda, mtawa aliyemhudumia Buddha kwa miaka mingi, alimwendea akamwambia kwamba kwa maoni yake urafiki mwema ni nusu ya maisha ya kiroho. Buddha alimkataza kusema hivyo, akamweleza kwamba urafiki huo ndio maisha hayo yote. Wengi huisoma kauli hiyo kama sifa ya raha ya kuwa pamoja, lakini mimi naisoma vingine. Anayejifunza peke yake chumbani huinuka mguu unapoanza kufa ganzi, hufunga kitabu pale ukurasa unapomchoma, na hana wa kumwuliza swali asilolipenda. Kikundi humzuia mtu kukimbia. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na unapokichagua au kukianzisha, kipime kwa hilo.

Kwanza fahamu kinafuata njia gani, kwa maana jina “Ubudha” limekusanya mapokeo yanayotofautiana sana. Theravada, iliyoenea Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia, hutegemea maandiko ya Kipali. Mahayana imeshika mizizi Uchina, Korea, Japani na Vietnam, ilhali Vajrayana inafahamika zaidi kwa Watibeti na Wamongolia. Tofauti hizo utazikuta hadi kwenye namna ya kuketi katika taamuli, yaani zoezi la kutuliza akili na kuitazama. Wanaofuata utaratibu wa Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Myanmar, hufuatilia tumbo linavyoinuka na kushuka, na kila kinachojitokeza hukitaja kimoyomoyo: “kusikia”, “kuwaza”, “maumivu”. Kozi za siku 10 katika utaratibu wa S. N. Goenka (1924–2013), mwalimu asiye mtawa aliyezaliwa Myanmar, huanza na pumzi inavyopita puani, na siku ya nne ndipo mwanafunzi hufundishwa kuukagua mwili mzima, sehemu baada ya sehemu. Wafuasi wa Zen, tawi mojawapo la Mahayana, wa mkondo wa Soto, unaotokana na Dogen (1200–1253) wa Japani, huketi wakiukabili ukuta, macho yakiwa nusu wazi. Baadhi ya taamuli za Kitibeti hazifanywi mpaka mwalimu atoe idhini. Hakuna ubaya kuonja vikundi viwili vitatu mwanzoni, lakini ukishachagua njia kaa nayo miezi kadhaa kabla ya kuihukumu, na usichanganye mbinu mbili katika kikao kimoja. Njia mbili zilimshinda fisi.

Katika ziara yako ya kwanza uliza nani anafundisha na yeye alifundishwa na nani, fedha zinazokusanywa hutumika kwa nini, na aliyewahi kupingana na mwalimu alitendewaje. Jibu la swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Buddha aliwaambia Wakalama, watu wa mji wa Kesaputta, wasikubali jambo kwa sababu tu ni mapokeo, au uvumi, au kwa kuwa anayelisema ni mwalimu wao. Kauli hiyo hunukuliwa nusu nusu, kana kwamba inamruhusu kila mtu kuamini apendavyo. Ukweli ni kwamba inaendelea kuwataka wachunguze wenyewe jambo lipi likitendwa huleta madhara na lipi huleta manufaa, na wazingatie pia lipi hulaumiwa au kusifiwa na wenye hekima. Kikundi kinachokasirishwa na uchunguzi wa namna hiyo kiache mapema, kabla hujazoea nyuso za watu.

Ikiwa mnaanzisha wenyewe

Watu wanne au watano wanatosha. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja isiyobadilika, na chumba ambacho simu zitaachwa nje ya mlango. Mmoja awe mshika kengele, mwingine msomaji, na majukumu hayo yazunguke ili asitokee mwenye kikundi. Kwa kikao cha saa mbili, utaratibu ufuatao unafaa: kuketi kimya kwa dakika 25, kutembea kwa dakika 10, kuketi tena kwa dakika 20, kisha kusoma na kuzungumza hadi mwisho.

Kuketi kutangulie mazungumzo, na hili nalisema kwa uchungu wa uzoefu. Kikundi cha kwanza nilichokianzisha na wenzangu kilianza na mazungumzo, kwa kuwa tuliona ni adabu kuwasubiri waliochelewa. Muda wa kuketi ulipungua kutoka nusu saa hadi robo saa, kisha ukawa dakika tano za kuagana, na mwishowe tukawa baraza la watu wanaoongea vizuri juu ya kitu wasichokifanya. Aliyechelewa akute mlango umerudishwa taratibu, aingie kimya, akae.

Kuhusu kuketi kwenyewe, keti kwenye mto ulioinuka kiasi cha nyonga kuwa juu kuliko magoti, na magoti yaguse sakafu ili uzito wa mwili ugawanyike. Nyonga zisipokubali, tumia kiti, nyayo zikanyage chini sawasawa na mgongo usiegemee. Kiti hakimpunguzii mtu chochote, ingawa utawaona vijana wakijitesa kukunja miguu kwa sababu ya picha walizoziona. Kengele inapolia, wacha mlio ufifie wote kabla hujaanza kufuatilia pumzi. Dakika za kwanza huwa nyepesi. Kadiri ya dakika ya 12 hivi pua huanza kuwasha. Ukiwa peke yako ungeshajikuna bila hata kujua kwamba umejikuna. Hapa jirani yako hajatikisika, kwa hiyo nawe unabaki kuutazama muwasho ule unavyokua, unavyodai, unavyohama kidogo, na wakati mwingine unavyotoweka pasipo kuguswa. Umeona kwa sekunde chache jambo ambalo maandiko hulirudia tena na tena juu ya hisia: hutokea, na hupita. Maumivu makali ya goti ni habari nyingine. Kwa hayo, badilisha mkao polepole bila aibu.

Neno letu “kutafakari” huwapoteza wengi wanaoanza, kwa sababu katika matumizi ya kila siku maana yake ni kuwaza jambo kwa kina, na mwanafunzi mpya hudhani amepewa kazi ya kufikiri. Ndiyo maana napendelea “taamuli”, ingawa nalo si kamilifu. Neno la Kipali “sati”, ambalo hutajwa sana katika mafunzo haya, lina ukoo na neno la kukumbuka, na kwa anayeketi hilo linasaidia: unakumbuka kwamba uko hapa, unavuta pumzi, na unapogundua kuwa umesahau, ugunduzi huo wenyewe ni kukumbuka. Hapana haja ya kujilaumu.

Kutembea kusichukuliwe kama mapumziko. Jipangeni mstari, au kila mtu achague njia yake ya hatua kumi hivi, aende na kurudi akiusikia unyayo unavyoinuka, unavyosogea na unavyotua.

Kusoma na kuzungumza

Anzeni na hotuba ya kwanza ya Buddha, aliyoitoa kwa watu watano katika bustani ya kulungu huko Sarnath, karibu na Varanasi. Ni fupi na ina kweli nne: dukkha, chanzo chake, kukoma kwake, na njia ya sehemu nane inayoelekea huko. Msiipite haraka. Neno “dukkha” peke yake linaweza kumaliza vikao viwili, kwani “mateso” ni zito mno kwa baadhi ya mambo yanayokusudiwa na “karaha” ni jepesi mno kwa mengine. Kujadili tafsiri kwa lugha yenu ni sehemu ya masomo, kwa sababu mtu haamui neno la kutumia mpaka ajue kinachosemwa. Baadaye endeleeni na hotuba kuhusu misingi minne ya uangalifu, yaani mwili, hisia, hali za akili, na mambo yanayojitokeza akilini.

Nusu ukurasa unatosha kwa kikao. Usomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawe tofauti. Duru ya kwanza ya mazungumzo ijibu swali moja tu: andiko linasema nini? Kukubali au kukataa kuje duru ya pili. Chukueni mfano wa Sona, mtawa aliyefanya bidii kupita kiasi, hata akafikiria kurudi kwenye maisha ya nyumbani. Buddha alimkumbusha kwamba zamani alikuwa mpigaji wa zeze, akamwuliza kama nyuzi zilizokazwa mno au zilizolegea mno zilitoa sauti nzuri. Duru ya pili ikifika, msiulizane kama mfano ni mzuri. Kila mmoja aseme wiki hii uzi wake ulikuwa umekazwa au umelegea, na alijuaje. Hapo ndipo kikundi hupata kazi, kwa maana mwenzako anayekusikiliza kila wiki anaweza kukuambia kwamba umekuwa ukijiita “mwenye kiasi” tangu miezi mitatu iliyopita na hujaketi nyumbani hata mara moja.

Kwa adabu ya kusema, kuna desturi njema katika Plum Village, jumuiya iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 na Thich Nhat Hanh (1926–2022), mtawa wa Vietnam, pamoja na wenzake. Anayetaka kusema huunganisha viganja na kuinama, wengine huinama kumpa nafasi, na hakuna anayemkatiza mpaka ainame tena kuonyesha kwamba amemaliza. Kila mtu husema yanayotokana na uzoefu wake mwenyewe. Ongezeni sharti la kwamba yaliyosemwa chumbani hayatoki nje. Zile kanuni tano za walei, yaani kujiepusha na kuua, kuiba, zinaa, uongo na vileo, zisomwe mara kwa mara hata kama si wote waliojifunga nazo, kwa kuwa watu hawawezi kufumba macho pamoja wasipoaminiana. Asiye Mbudha asilazimishwe kukiri chochote.

Jihadharini na majivuno ya taamuli. Katika kanuni za watawa, anayedai kwa uongo kwamba amefikia daraja za juu za kiroho hufukuzwa utawani, na hata mwenye kuzifikia kweli hukosea akimweleza mtu asiye mtawa. Kwa kikundi chenu hili lina maana kwamba mianga, mitetemo na raha zisizoelezeka apelekewe mwalimu faraghani. Zikitajwa hadharani, wiki ijayo kila mtu atakuwa anazitafuta. Kama hamna mwalimu wa kudumu, mwalikeni mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi mara chache kwa mwaka, mumpe ukarimu kwa hiari yenu pasipo ada, kama desturi ya “dana” inavyotaka.

Na si kila mtu anafaa kuketi kimya kwa muda mrefu. Mwenye msiba mbichi, au mwenye ugonjwa wa akili, anaweza kuzidiwa na yanayoibuka. Mruhusuni afumbue macho, atembee, atoke, na mumhimize amwone daktari. Kikundi hakichukui nafasi ya tiba. Kozi ndefu za kimya pia zisubiri hadi mtu awe amezoea vikao vya kila wiki.

Mahudhurio yatapungua, mara nyingi mwezi wa tatu au wa nne, upya wa jambo unapokwisha. Wiki ambayo mmefika wawili, pigeni kengele saa ileile, ketini dakika zilezile, msome nusu ukurasa uliopangwa, na wale wasiokuwepo wasitumiwe lawama. Watumiwe tu ukurasa wa wiki ijayo.