Pumu ya ngozi kwa mtoto: mafuta, dawa na kipimo chake

Mtoto anayejikuna hadi shuka linakuwa na madoa ya damu hana "damu chafu", wala hakuambukizwa na mwenzake. Pumu ya ngozi, au ukurutu, ni ngozi isiyoweza kutunza maji yake. Inakauka, inapata nyufa tusizoziona, kisha sabuni, jasho na vumbi vinapenya na kuichokoza. Mara nyingi kwenye ukoo yupo mwenye pumu ya kifua au mzio. Haiishi kwa dawa ya wiki moja, ila hutulia, na watoto wengi hupata nafuu wakikua.

Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu. Panapofungwa nepi kwa kawaida hubaki salama. Akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mabaka meusi zaidi au ya kijivu, na vipele vidogo vinavyokwaruza kiganja ukipapasa. Vipele vikiwa katikati ya vidole, na wengine nyumbani wanawashwa usiku, huenda ni upele wa kuambukizana (skabi), na huo hutibiwa nyumba nzima kwa dawa nyingine.

Kazi kubwa ni mafuta, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni isiyo na manukato ipite penye uchafu tu. Dodoki na sabuni za kuua vijidudu viache kabisa. Mkaushe kwa kumgusagusa na khanga laini, usimsugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika 3, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, ukivuta mkono kufuata vinyweleo vinakolala. Rudia angalau mara moja zaidi kwa siku. Mtoto mwenye ngozi kavu mwili mzima hutumia hadi gramu 250 kwa wiki. Kopo la gramu 50 likimaliza mwezi, huyo mtoto hajapakwa. Chota kwa kijiko safi, maana vidole hupeleka vijidudu ndani ya kopo. Mafuta ya zeituni yaepuke, hudhoofisha ngozi hii. Mafuta mazito yakimtoa jasho mchana wa joto, tumia krimu mchana na mazito usiku.

Mabaka yakiwaka, mafuta peke yake hayatoshi; inahitajika dawa ya steroidi, yaani ya kupaka inayotuliza ngozi iliyowaka. Usoni hutumika haidrokotisoni ya asilimia 1. Mwilini daktari anaweza kutoa yenye nguvu zaidi. Kwa mtoto chini ya miaka 2, muulize mhudumu wa afya kwanza. Kamua dawa juu ya kidole chako cha shahada, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza: hiyo ni nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Subiri kama nusu saa kati ya dawa na mafuta. Usiache siku kuwasha kunapopungua. Endelea kwa muda ulioelekezwa, hadi baka liwe laini mkononi. Wiki moja ikipita bila nafuu, rudi kliniki.

Soma tyubu kabla ya kununua. Zile zinazochanganya steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, na dawa ya fangasi na ya bakteria huuzwa kama tiba ya kila kitu. Zikipakwa kila siku kwenye uso wa mtoto, ngozi huwa nyembamba, na fangasi aliyejificha huenea. Madoa meupe yanayobaki baada ya baka kupona ni jambo jingine: mara nyingi ni alama ya ukurutu wenyewe, na rangi hurudi taratibu kwa miezi. Yasikufanye uache matibabu.

Kata kucha, mvishe pamba, sweta la sufu lisiguse ngozi. Usimnyime maziwa wala mayai kwa kubahatisha, atadhoofu bure.

Magamba ya rangi ya asali au usaha vinahitaji dawa ya bakteria. Lakini malengelenge madogo yanayofanana, yanayouma na kuacha vidonda vya mviringo, hasa akiwa na homa au yakiwa karibu na jicho, ni dharura: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.