Boda boda inayozima kwenye foleni: jinsi ya kutafuta ubovu wa resi ya chini

Pikipiki inavuta vizuri ukiifungulia Thika Road, lakini ikiingia kwenye foleni ya Jogoo Road, hapa Nairobi, inatetemeka, inakohoa na kuzima. Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya resi ili isizime. Usifanye hivyo. Ukipandisha resi, ubovu unabaki pale pale, petroli inaliwa bure na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta, cc 100 hadi 150. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inalisha injini kwa njia zaidi ya moja. Mkono wa resi ukiwa umeachiliwa, au umefunguliwa kidogo tu, kazi ni ya jeti ndogo, yaani kipande chenye tundu la kupitisha petroli. Ukipita robo, sindano na kisha jeti kubwa zinachukua nafasi. Kwa hiyo, kama shida iko chini tu na juu injini ni safi, jeti kubwa haina kosa, usikubali ibadilishwe.

Anza na jaribio la choki, maana halihitaji spana. Pasha injini dakika tano, iache ingurume, kisha vuta choki, inayoongeza petroli kwenye mchanganyiko, nusu. Ikitulia, ilikuwa inakosa petroli: jeti ndogo imeziba au hewa inaingia mahali isipotakiwa. Ikizidi kukohoa au ikizima, petroli imezidi. Injini ikishapoa, toa plagi uone kama inakubaliana na jaribio. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi, weupe unaonyesha petroli kidogo, na mafuta mabichi ya injini yanaonyesha ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Hiyo ya mwisho kabureta haiwezi kuitibu. Pengo la plagi kwa kawaida ni milimita 0.6 hadi 0.8, fuata kitabu cha pikipiki yako.

Petroli ikizidi, angalia filta ya hewa kwanza. Vumbi la barabara za murram pembezoni mwa jiji huiziba haraka. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, kisha ipake mafuta kidogo. Ya karatasi ibadilishe. Hakikisha pia choki inarudi hadi mwisho na boya, linalozuia petroli kujaa kupita kiasi ndani ya kabureta, halivujishi. Na kama pikipiki ilirekebishwa Mombasa, jua kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, hivyo marekebisho ya pwani huku yanatoa mchanganyiko wenye petroli nyingi mno.

Petroli ikipungua, funga koki ya tangi, weka chupa angavu chini ya kikombe cha kabureta na ufungue skrubu ya kumwagia. Acha chupa itulie. Maji hukaa chini ya petroli na mstari wake unaonekana wazi. Ukiyaona, safisha tangi pia, la sivyo utarudia kazi wiki ijayo.

Kisha kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Hupasuka kwa joto, na ufa mara nyingi uko upande wa chini usioonekana. Injini ikinguruma, nyunyizia maji ya sabuni kuzunguka mpira na maungio yake. Resi ikibadilika ghafla, hewa inaingia hapo. Usitumie petroli kwa jaribio hili. Ekzosi ya moto iko karibu.

Mpira ukiwa mzima, fungua kabureta utoe jeti ndogo na uimulike kwenye mwanga. Tundu lake ni jembamba sana, na petroli iliyokaukia humo huacha utando wa kahawia unaotosha kuliziba. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa kompresa, na upulize pia njia zote za ndani ya kabureta. Usichokoe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu litapanuka, na hapo utalazimika kutafuta jeti mpya Kirinyaga Road.

Sasa skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi iguse tu. Ukilazimisha, ncha itaharibika. Andika hesabu hiyo. Kama skrubu iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza petroli. Ikiwa upande wa filta, kuifungua kunaongeza hewa. Wengi huchanganya hapa na kurekebisha kinyume. Anza na mizunguko miwili kutoka ilipogusa, injini ikiwa moto, kisha zungusha robo kwa robo, ukingoja sekunde kumi kila mara, hadi upate mahali resi inapopanda na kutulia. Ndipo uguse skrubu ya resi, uishushe hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Kama bado inazima, hasa ikishapata moto, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa. Injini nyingi za ukubwa huu zinataka nafasi ya kati ya milimita 0.05 na 0.10, na ya ekzosi inaweza kutofautiana na ya kuingiza. Valvu iliyobana haifungi vizuri. Kwenye resi ya juu hutaona sana, lakini chini kompresheni inavuja na injini inakata.