Kumtuza mhitimu aliyejitolea chuoni: anza na daftari

Tuzo nyingi za wahitimu wa zamani huharibika kabla ukumbi haujapambwa. Kamati inakaa, mtu anauliza "tumpe nani?", na majina yanayotajwa ni ya wanaoonekana: mwenye cheo, mwenye gari, aliyenunua feni za bweni. Yule anayekuja kila Jumamosi kuwafundisha ngoma vijana wa mwaka wa kwanza hatajwi, maana hakuna aliyemwandika.

Kwa hiyo nunua kaunta buku, likae ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Chora safu tano: tarehe, jina, kazi, saa, na sahihi ya mwalimu aliyeshuhudia. Safu ya mwisho ndiyo muhimu. Bila hiyo, wakati wa kuchagua kila mtu atakumbuka saa za rafiki yake. Anayejitolea akiwa mbali, tuseme yuko Dar es Salaam na anawatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kwa vitendo, mratibu amwandike siku ileile anapopata taarifa.

Vigezo vipangwe kabla ya majina. Vitatu vinatosha: amejitolea angalau miaka miwili mfululizo, si mwajiriwa wa chuo, na hakulipwa kwa kazi hiyo (nauli si malipo). Wafadhili waandikie barua ya shukrani kando. Ukiwachanganya, mwakani tuzo itanunuliwa. Wanaotuzwa wasizidi watano, zaidi ya hapo ukumbi unahamia kwenye simu.

Kisha mpigie kila mmoja. Wapo wasiopenda kuitwa jukwaani, na wapo wazee ambao ngazi zinawashinda. Hao mgeni rasmi awafuate walipokaa. Kila anayetuzwa mwombe aandike jina lake mwenyewe kwa ujumbe wa simu, kwani la kwenye orodha ya chuo huenda ni la kabla ya ndoa au kabla ya hija. Jina la chuo nalo liangaliwe: TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) ilirithi Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 2007, na chuo hicho kilianza 1981. Aliyesoma enzi hizo aandikiwe jina la chuo alichosoma.

Kwa Bagamoyo, siku za tamasha la sanaa zinavutia kwa kuwa wasanii wengi wa zamani wapo mjini. Lakini wengine watakuwa jukwaani na nyumba za wageni hujaa, hivyo hafla ifanye asubuhi. Ijumaa mchana iepuke. Usinakili tarehe ya mwaka jana bila kuangalia kalenda: Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka.

Ngao agiza wiki sita kabla. Mpingo unapendeza, ila ukichongwa haujakauka sawasawa hupasuka, hasa ukiwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mninga umetulia zaidi. Sentimita 20 kwa 25, unene wa sentimita 2, zinatosha. Bamba la maandishi lifungwe kwa skrubu za shaba. Za chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari, na gundi peke yake huachia kwa joto. "Kwa mchango wako mkubwa" haisemi kitu. Andika alichofanya: "Alifundisha marimba bila malipo, 2019–2023." Mpe fundi maandishi kwa karatasi, na uyasome tena kabla hajachonga. Mkiongeza doti ya kanga, someni jina lake kwanza. Mafumbo ya kanga yamewahi kugombanisha watu wazima.

Wasifu usizidi maneno 80, usomwe na mwanafunzi aliyefundishwa na mhusika, si mshereheshaji. Pamoja na kupanda, kupokea na picha, tenga dakika tatu kwa kila mtu.

Nauli ya kwenda na kurudi mpe ofisini mapema, kwa bahasha, asije akadhaniwa amelipwa jukwaani. Anayetuzwa akiwa marehemu, familia ndiyo itaje mpokeaji, tena kwa maandishi. La sivyo mjane na kaka mkubwa watanyanyuka pamoja mbele ya wageni.

Chakula ni pilau, na kamati zote zinajua kulipanga.

Picha ziwafikie waliotuzwa ndani ya wiki. Waliomo daftarini lakini hawakutuzwa waandikiwe barua yenye sahihi ya mkuu wa chuo, ikitaja saa zao, na wakabidhiwe mkononi watakapokuja tena kujitolea.